Makubazi Yangu na Mdomo wa Chungu

Ninyi mlioletwa mwaka huu na lori kutoka Dar es Salaam, walimu wawili na yule binti muuguzi mwenye miwani, nimewasikia. Mnapita hapa kwangu asubuhi, mnanipa shikamoo yenu vizuri, naitikia marahaba, na kabla hamjaufikia mgomba wa pili mmeshaanza kuulizana: "Lori linashuka lini?" Mnadhani kikongwe hasikii. Mikono yangu ndiyo imestaafu, wanangu. Masikio bado yako kazini.

Siwalaumu hata kidogo. Mimi pia nilitoka mjini, zama za Mjerumani, nikiwa na umri kama wenu, na swali langu lilikuwa hilo hilo, ila mimi niliulizia garimoshi. Nilikuja kuomba mahali pa kulala, nikaishia kufinyanga vyungu kwenye kilima hiki mpaka vidole vilipokataa kukunjika. Wengi wa akina mama wa kijiji hiki wamechota maji kwa mitungi iliyopita mikononi mwangu. Sasa mnapika kwa sufuria, nami sigombani na sufuria, ninayo moja, nachemshia chai. Lakini maharage yangu siipi sufuria iyaharibu.

Niwaanzie na mdomo wa chungu. Mnunuzi hutazama tumbo, akalipigapiga kwa kidole, akajifanya fundi. Chungu huanza kufa mdomoni, kama watu kadhaa ninaowajua hapa kijijini. Ukiacha ufa mwembamba kama unywele kwenye ukingo, wewe hutauona, ila moto utauona. Kwa hiyo ukishainua kuta za chungu, unachukua kipande cha ngozi kilicholowa maji, unakikunja juu ya ukingo, gumba likiwa nje na vidole viwili ndani, halafu unatembea. Ndiyo, unatembea. Huku hatuna gurudumu la kufinyangia. Chungu kinatulia pale pale, mfinyanzi ndiye anayekizunguka, ameinama, anarudi kinyumenyume, ngozi ikiteleza juu ya udongo taratibu. Mgeni akikuona atafikiri umeangusha sindano.

Wenzangu walitumia ngozi ya mbuzi. Mimi maisha yangu yote nimetumia ngozi ya kubazi langu la mguu wa kushoto, na hapo ndipo penye habari ninayotaka kuwapa.

Nilizaliwa Dar es Salaam, kwenye nyumba za makuti nyuma ya soko. Baba alikuwa mtu wa pwani. Mama alikuwa Mluguru wa kilima hiki hiki, aliyeshushwa pwani wakati wa njaa angali msichana mdogo, akakulia kwenye nyumba za watu, akifanya kazi za watu. Baba alipomwoa, kitu cha kwanza alichomnunulia kilikuwa makubazi ya ngozi. Ninyi mnaona viatu ni viatu tu. Pwani ya siku zile miguu yako ilikuwa inasema kabla hujafungua mdomo. Mwungwana alivaa, mtumwa alikwenda peku. Basi mama akatulea na sheria moja: kulala na njaa tunaweza, kuvaa nguo yenye kiraka tunaweza, kutoka nje bila viatu hapana. "Asije mtu akakuita mjakazi," alikuwa akisema, na sauti yake ikibadilika kidogo. Makubazi yangu ya mwisho aliniagizia yeye mwenyewe kwa fundi, ngozi nene ya ng'ombe, si muda mrefu kabla hajafariki.

Kazi yangu mjini ilikuwa kuuza vitumbua. Vyungu nilivijua kwa kuvipikia na kwa kuvivunja. Mume wangu alikuwa hamali wa bandarini. Homa ikamchukua, akaniacha na binti yetu Zena, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka. Kisha wakaja wapimaji wa serikali na kamba na vigingi vyao, wakasema barabara inanyooshwa, na nyumba yetu ikaonekana ndiyo iliyopinda. Wakaibomoa. Kwa majirani nilikaa mpaka nikaona nimekuwa mzigo, na hakuna aliyelazimika kuniambia.

Hapo nikakumbuka maneno ya mama: "Kwetu mtu hapotezi kwao. Ardhi inafuata upande wa mama. Dunia ikikushinda, panda mlima uwaulize ndugu zangu." Alikuwa amenitajia kijiji, akanitajia kaka yake, na akaniachia chungu kidogo cheusi alichoshuka nacho, chenye nakshi ya menomeno shingoni. Alikuwa akikichemshia dawa tu, na watoto tulikatazwa hata kukigusa. Nikakifunga ndani ya kanga, nikachukua mwavuli wangu na furushi la nguo, nikampakia Zena kwenye garimoshi.

Sokoni Morogoro niliulizia watu wa kile kijiji. Nikaonyeshwa mwanamke wa rika langu, mrefu, anakunja majani ya migomba baada ya kuuza ndizi zake. Jina lake Teresia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jina la mama, akashika kifua. "Mama yako na mama yangu ni ndugu, wamenyonya ziwa moja," akasema. "Basi wewe ni dada yangu. Twende, jua lisitukute bondeni."

Mvua ilikuwa imenyesha. Njia mnaijua ninyi, na ninyi mmeijua ikiwa na lori. Sisi tulipanda ya miguu, ile ya mkato, inayokwenda juu kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Zena alivua vyake mapema, akawa mbele na Teresia wanacheka. Mimi nyuma, mwavuli mkono mmoja, chungu kwapani, makubazi miguuni.

"Dada, vua viatu," Teresia akaniambia.

"Sivui."

"Njia imelowa. Huku kunashikwa kwa vidole."

"Mimi si mtumwa," nikamwambia, "nikatembee peku."

Akasimama. Akatazama miguu yake, imejaa tope, kisha akatazama yangu. "Na sisi tusiovaa," akaniuliza, "ni watumwa wa nani?"

Hakungoja jibu. Akaweka mzigo wake sawa kichwani, akaendelea kupanda.

Sasa fikirini jambo ambalo mimi nilikuja kulielewa baadaye sana. Ngozi iliyolowa juu ya udongo uliolowa: hakuna kitu duniani kinachoteleza kama hicho. Ndiyo maana tunailainishia midomo ya vyungu. Mimi nilikuwa nimeivaa miguuni na nataka kupandia mlima. Kwenye kona ya kwanza yenye mfinyanzi mwekundu nilikwenda chini mzima mzima, mwavuli huko, Bi. Vitumbua huku, na chungu cha mama kikalia mara moja tu kwenye jiwe.

Nilikaa kwenye tope nikalia kama mtoto. Teresia alishuka. Hakusema "nilikwambia," na mtu asiyesema maneno hayo anapokuwa na haki ya kuyasema, mshikeni sana. Aliinama akaokota vigae, kimoja kimoja, mpaka vile vidogo kama kucha, akavifunga kwenye kanga yangu.

Huku juu nilipokelewa na watu wawili. Mmoja alikuwa Mama Mkubwa, dada mkubwa wa mama yangu na wa marehemu mama yake Teresia, mfinyanzi, mwanamke mdogo wa umbo mwenye mikono ya mwanamume. Wa pili alikuwa Mjomba Kobelo, kaka yao, mkubwa wa lukolo, ndio ukoo wetu wa upande wa mama. Mimi wa pwani nilizoea mtoto ni wa baba. Nilijiandaa kusujudu niombe hisani. Mjomba akanishangaza.

"Mpwa wangu, haki yako hakuna anayeibisha," akasema. "Mama yako ana sehemu yake pale kwenye kijito, na wewe ni wake, na huyu mjukuu wetu ni wako. Lakini ardhi ya huku ikiachwa bure inakimbia na maji. Miaka yote hii Teresia ndiye anayeilima. Nikimnyang'anya leo nikakupa wewe, halafu masika yakushinde, upande gari lako la moshi, nitakuwa nimewakosea wote wawili."

"Kwa hiyo, Mjomba?"

"Kwa hiyo kaa. Masika yapite, mahindi yavunwe. Hapo tutakaa tena hapa hapa tuseme."

"Na mpaka hapo nitakula nini?"

"Utakula kwa mama yako mkubwa. Na utafanya kazi yake."

Basi hivyo ndivyo nilivyoingia ufinyanzi. Watu husema wameitwa na kazi yao. Mimi sikuitwa, nilikosa pengine pa kulala.

Asubuhi ya kwanza nilitoka nje nikamkuta Mama Mkubwa ameketi, vigae vya chungu cha mama viko juu ya jiwe bapa, anavitwanga. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia.

"Kelele za nini?" akauliza bila kuacha. "Udongo mtupu haustahimili moto. Unauchanganya na kigae kilichosagwa. Kigae kimeshauona moto, hakishtuki."

"Lakini hicho ni chungu cha mama yangu!"

"Na ni mimi niliyemfinyangia," akasema. "Mdogo wangu. Nakshi hiyo nilimchorea kwa ukucha wangu, siku wanamchukua. Unadhani mimi sikumlilia?"

Hapo akaacha kutwanga kidogo. Kisha akanisogezea jiwe la pili nami nikakaa, tukatwanga pamoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Kazi yenyewe ilinionyesha mimi ni nani. Nilikuwa natia maji mengi kwa sababu udongo uliolegea unatii, chungu kikainuka vizuri, kisha kikakaa chini polepole kama mzee aliyechoka na mazungumzo. Nilikuwa sipekui udongo vizuri, na kokoto moja ya ukubwa wa punje ya mtama inatosha kutoboa mtungi mzima. Mama Mkubwa hakunipiga wala hakunisifu. Alikuwa akipitisha kidole kwenye mdomo wa chungu changu, akifika kwenye kosa anakibonyeza chote kinarudi kuwa donge. "Tena," anasema.

Siku moja nikachoka, nikamtolea methali. Mtu wa mjini akishindwa kazi hukimbilia methali. "Mama, wahenga walisema udongo upate uli maji. Mimi nimeshakuwa mtu mzima. Nimeshakauka."

Akaguna. "Aliyesema hivyo hakuwa mfinyanzi, alikuwa mpita njia." Akachukua chungu kibichi, ambacho hakijaona moto, kilichovunjika na kukauka kabisa, akakitumbukiza ndani ya mtungi wa maji. Jioni akanishika mkono akauingiza mle ndani. Ulikuwa udongo laini, tayari kufinyangwa. "Kukauka si kuungua," akaniambia. "Asiyerudi nyuma ni aliyepita motoni tu. Wewe moto gani umekupata? Umekosa vitumbua!"

Zena, mtoto wangu mwenyewe, alikuwa upande wao. Kabla mwezi haujaandama mara ya pili alikuwa anasema Kiluguru kama amezaliwa nacho, nami namtegemea anitafsirie. Wanawake walikuwa wakinisema kisimani, wanacheka, namwuliza Zena wamesema nini, anajibu, "Wamesema kanga yako nzuri." Kumbe walikuwa wanauliza yule bibi wa makubazi atateleza tena lini wakaangalie. Maana viatu sikuvua. Kisimani na viatu, shambani na viatu. Miguu yangu ilioza kwa unyevu katikati ya vidole, nami sivui.

Masika yakaja. Ninyi mmeyaona ya mwaka huu mkaandika barua kwenu. Yale yalikuwa masika. Ukungu uliingia ndani ukakaa kama mgeni asiye na haya. Kanga hazikukauka, chumvi iligeuka maji, na moshi wa jikoni ulikosa pa kutokea ukatuingia machoni. Katikati ya hali hiyo nikawa nimekamilisha vyungu vyangu vya kwanza vilivyopita kidole cha Mama Mkubwa. Ndani yake mlikuwa na unga wa chungu cha mama. Nilivipenda vyungu vile kuliko kitu chochote.

Chungu kibichi hukauka kivulini, kimefunikwa majani ya mgomba, kwa siku zake chenyewe. Mimi ni muuza vitumbua. Kwangu moto ni wa haraka: mimina, geuza, toa. Mama Mkubwa alipokwenda kumzika mtu ng'ambo ya bonde, nikavisogeza karibu na figa vikauke upesi. Kwa nje vilikauka, vikapendeza. Ndani bado vina maji. Kulipotokea siku ya jua tukavichoma pamoja na vyake.

Paa! Kisha paa, paa! Watu walitoka majumbani wameshika watoto, maana milio ya bunduki ilikuwa haijasahaulika bado katika nchi hii. Vyungu vyangu vyote vilipasuka, na vilivyopasuka vikavipiga vya Mama Mkubwa vilivyokuwa jirani. Teresia alikuwa pale. Mjomba Kobelo alikuwa pale, akatazama, akaondoka bila neno, na mimi nikalisoma neno lile mgongoni mwake.

Asubuhi iliyofuata nilikata shauri. Nitashuka Morogoro, nitafute chumba na kazi kwa watu wa pwani waliofuata reli, kisha nije nimchukue Zena. Nikamwambia Mama Mkubwa nakwenda kuchota maji. Nikafunga furushi. Mvua inanyesha, na ile kona ya mfinyanzi mwekundu iko mbele yangu. Nikasimama. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nikavua makubazi nikayatia kwenye furushi. Wanangu, siku ya kwanza kuvua viatu nilivua ili nikimbie.

Tope likapanda katikati ya vidole, baridi. Nikabonyeza, na vidole vikashika. Nilishuka ile kona nimesimama wima, nikashangaa mpaka nikasahau kulia.

Na chini ya kona nikakutana na Teresia anapanda. Kichwani ana mzigo mkubwa wa magome na nyasi kavu, ameufunika majani ya mgomba, yeye mwenyewe amelowa chapachapa.

"Hayo ya nini?" nikamwuliza, kwa kukosa la kusema.

"Ya kuchomea vyungu vyako. Mama Mkubwa amesema utafinyanga tena utachoma tena, na huku juu kuni zote zimelowa. Nimezipata kwa shemeji yangu, bondeni."

Akalitazama furushi langu. Hakuwa mjinga, Teresia. Kisha macho yake yakashuka chini, yakakaa pale, na uso wake wote ukafunguka. "Kumbe una vidole!" akasema, akacheka mpaka mzigo ukayumba. "Watu wote kule wanabishana! Kumbe unavyo, tena kumi!"

Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu niupande mlima huu. Teresia akatua mzigo, akalifungua furushi langu bila kuniomba. Nguo akazichomeka ndani ya mzigo wake, makubazi akanipa mkononi, na kanga akaikunja, akaizungusha ikawa ngata, akaniwekea kichwani. Juu yake akanitwika nusu ya magome. "Tangulia," akasema. "Leo nikuone ukipanda."

Nilipanda.

Vyungu vya mara ya pili vilikaa kivulini mpaka Mama Mkubwa mwenyewe alipovigusa kwa shavu akakuta havina baridi tena. Shavu ndilo kipimo, vidole hudanganya. Tulipovichoma, kimoja kilipasuka, vingine vikatoka vyekundu kama jua la jioni, tukavinyunyizia uji mwepesi vingali na moto ili visivuje. Nilikaa navyo mpaka vikapoa kabisa, nasikiliza.

Nilikuwa na kitu kimoja nilichomfundisha Mama Mkubwa, nisijidharau sana. Nilimtengenezea chetezo, kile cha miguu mitatu cha kufukizia udi. Akakigeuzageuza. "Kinapika nini?"

"Hakipiki. Unatia kaa la moto, na udi juu yake, kinatoa moshi wa harufu nzuri."

"Chungu cha kupikia moshi!" akasema. "Sisi huku tunaukimbia moshi, ninyi mnaufinyangia chungu! Na mkishaupika mnaula na nini?" Alisimulia kijiji kizima. Lakini Teresia aliposhusha vyetezo Morogoro pamoja na ndizi, watu wa pwani walivigombania, wakaagiza na vikaango vya vitumbua. Kuanzia hapo Mama Mkubwa aliniuliza kila wiki, kwa heshima zote, kama moshi wa pwani bado haujaiva.

Mahindi yakavunwa. Mjomba Kobelo akatuita, akatupeleka kwenye kijito, kwenye sehemu yenyewe ya mama, ambapo ardhi haikauki mwaka mzima. Upande wa juu ni shamba, upande wa chini ni ukingo wenye udongo wa mfinyanzi, bora kuliko wote kilimani. Alinitanguliza mbele kwenye njia ya kuteremkia, yeye nyuma na fimbo yake. Nilihisi anaitazama miguu yangu.

"Mpwa wangu amekaa," akasema tulipofika. "Lakini aliyeilima ardhi hii ni Teresia, na jasho la mtu halipitwi hivi hivi. Teresia, sema wewe."

Kama angesema hapana, angekuwa na haki, na mimi na Zena tungerudi kuwa wageni wa watu maisha yetu yote. Na alinijua kuliko wote.

"Siku ya kwanza huyu aliniambia yeye si mtumwa hata atembee peku," Teresia akaanza, na mimi nikatamani kijito kinimeze. "Nilikasirika, Mjomba. Chungu kilipovunjika nikafurahi, Mungu anisamehe. Halafu nikakumbuka ni chungu cha nyumbani kwetu, nikaokota. Sasa, wakati wa masika, siku ya mvua kubwa, nikamkuta njiani anashuka na furushi."

Hakuna aliyejua habari ile ila yeye na mimi.

"Alikuwa anakuja kunipokea mzigo," akasema Teresia, bila hata kupepesa. "Alileta na kanga ya ngata. Peku. Mjomba, mtu anayeshuka kona ile peku kumpokea mwenziwe mzigo huyo ni wa hapa. Mpe upande wa chini, wenye udongo. Mimi nitabaki na mahindi yangu."

Mjomba akanitazama mimi, akamtazama yeye. Sidhani kama alidanganyika. "Haya," akasema. "Mmesikia wote." Mama Mkubwa akapenga kamasi kwa sauti kubwa. Mimi nilimshika Teresia mkono na sikuuachia mpaka tulipofika nyumbani.

Jioni ile nilichukua kisu nikalikata kubazi la kushoto. Ngozi ya mjini, nene, iliyolainishwa na mguu wangu mwenyewe. Ilipita juu ya mdomo wa chungu kama imezaliwa kwa kazi ile. Imenilainishia midomo ya vyungu tangu Mjerumani alipokuwepo, alipoondoka, na alipokuja Mwingereza. Nimemfinyangia Teresia mtungi wa maji wa kila binti yake alipoolewa, na wa mwisho tuliuweka juu ya kaburi lake Teresia mwenyewe, kama desturi, umetobolewa chini. Zena amezaa hapa, wanawe ni wa lukolo hili, na sijui hata mmoja wao anayeweza kutofautisha udi na kuni mbichi. Ngozi yenyewe sasa imebaki kama ukucha.

La kulia sikulikata. Nililichomeka darini, kwenye nyasi za paa, nikasema moyoni, huwezi kujua. Miaka mingi baadaye, Teresia angali hai, akaliona tukiezeka upya. "Kubazi moja! Unangoja mguu mmoja ukatike ndipo ulivae?" Nikamwambia nimewawekea panya. Akacheka kicheko chake kile kile cha kwenye kona, akalirudisha mahali pake, wala hakuniuliza tena. Liko pale mpaka leo. Moshi umelihifadhi, limekuwa gumu kama ubao.

Nimewaambia yote haya kwa sababu ya jana. Wewe binti muuguzi, ulikuwa kwenye kijito changu. Ulivua viatu vyako vyeupe, ukatazama huku na huku kuona kama yuko mtu, ukaingiza miguu kwenye ule udongo, ukasimama hapo muda mrefu. Macho yamechoka, lakini kitu kama hicho nakiona hata gizani.

Lori linashuka Jumamosi. Anayetaka kushuka ashuke kwa amani, nami nitampa mbaazi za njiani. Lakini leo nimemwambia mjukuu wangu anitolee lile kubazi la kulia kutoka darini, nimelitia ndani ya mtungi wa maji. Kufikia asubuhi litakuwa limelainika. Njoo na kisu, mwanangu; mikono yangu haiwezi tena kukata.